Kikopo cha Ugoro

Swali la mwisho la posa huulizwa na shangazi wa mposaji, na jibu lake mji mzima unalijua: hakuna.

"Kwenu kuna ugonjwa gani wa ukoo?" aliuliza Bi Mashavu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Hakuna," alijibu Makame, baba wa binti, akiuficha mguu wake mbovu chini ya kikoi. "Mguu huu nilianguka mnazini."

Pazia likafunguka. Kidawa, binti mwenyewe, ambaye hakutakiwa kuonekana siku ile, aliingia akaweka kikopo cha ugoro kwenye sinia, akakifunua. Ndani mlikuwa na kipande cha mfupa, kirefu kama kidole.

"Kilitoka kwenye muundi wa baba baada ya miaka sita ya usaha," alisema. "Babu naye aliugua hivyohivyo, na kaka yangu amelazwa sasa hivi. Daktari kasema mifupa yetu hushika uchafu upesi, na tunarithishana. Mimi sijaugua, lakini wanangu huenda wakaugua."

"Kidawa! Unatuvua nguo!" alifoka Makame.

Wanaume wa upande wa mposaji walishaanza kutafuta viatu vyao. Bi Mashavu aliweka kikombe chini, akapandisha polepole pindo la kanga yake. Katikati ya muundi palikuwa na kovu lililodidimia, la kuingia kidole gumba.

"Wewe kipande chako umekitunza," alimwambia Makame. "Mimi changu nilikizika."

Kidawa alibaki na kifuniko mkononi, hajui akifunike kile kikopo au akiache wazi.