Joto la Ta Rugemalira

Marehemu alianza kupata joto asubuhi, siku ya pili baada ya kuzikwa.

Daktari Kokuhirwa alikuwa anakunywa chai kwake Kitendaguro alipoiona namba kwenye simu. Kikombe kilimtoka mkononi. Jana kutwa Ta Rugemalira alikuwa nyuzi ishirini na mbili, baridi ya udongo wa Kamachumu alikozikwa. Sasa alikuwa thelathini na tano, na namba inapanda.

Huo ndio ulikuwa utafiti wake, joto la wagonjwa mahututi. Kila mgonjwa alimfunga kipimajoto mkononi, kidogo kama saa, chenye kitaa cha kijani, nacho kilimtumia namba kwenye simu popote alipo. Cha mzee alisahau kukivua, ndugu wakaondoka na mwili.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Mzee aliokotwa kwenye kibanja chake cha migomba akiwa amenyeshewa usiku kucha, mwili umeganda kwa baridi. Na Kokuhirwa huyuhuyu ndiye aliyewaimbia wanafunzi miaka yote kwamba mtu aliyepoa vile anaweza kufanana na maiti, msimkatie tamaa kabla hamjampasha joto. Je, alimpasha joto vya kutosha? Siku ile alikuwa amechoka. Cheti cha kifo alisaini yeye.

"Mungu wangu," alisema peke yake, "nimemzika mzima."

Njia nzima hadi Kamachumu aliendesha gari jicho moja barabarani, jingine kwenye simu. Thelathini na sita.

Alikuta wafiwa wameketi kwenye nyasi zilizotandazwa, ndiyo kwanza wamemaliza kumsimika omusika, mrithi wa marehemu. Alikuwa Datius, mwana wa kwanza. Asubuhi hiyo wazee walimkabidhi vitu vya baba yake na kumkalisha kwenye kiti chake, na sasa alikuwa amevaa lile koti zito la mzee, refu hadi kwenye vidole. Kando yake Ma Jovita, mjane, alikuwa anasali rozari.

Kokuhirwa alipiga magoti akaeleza kwa kifupi lile la kutisha: kipimo kiko mwilini mwa mzee, na joto linapanda. Wazee walimjia juu. Kaburi la mtu lifukuliwe? Alitaka kuwaletea laana gani? Ila tangu asubuhi hiyo neno la mwisho katika mji ule lilikuwa la Datius.

"Una hakika, daktari?"

Alimwonyesha simu. "Waitu, ndugu yangu, maiti haina joto hili."

Datius alichukua sepetu akaelekea kaburini, kwenye migomba, watu wote nyuma yake. Mjomba wake alimwambia avue koti, akakataa. Koti la omusika kwao halivuliwi siku ya kusimikwa.

Alichimba kama mwendawazimu, akamkatalia kila aliyetaka kumpokea. Kokuhirwa alisimama ukingoni akisoma namba kwa sauti. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na saba. Kila udongo ulivyopungua, mzee alizidi kupata joto. Alimwona mzee kwa mawazo akikwaruza mbao gizani. Ma Jovita aliacha rozari, akaanza kumwita mumewe kwa jina.

Datius alipoegemea sepetu kuvuta pumzi, namba ikashuka kidogo.

"Usisimame," Kokuhirwa alimwambia huku analia. "Anatuacha."

Datius akachimba tena, na namba ikapanda tena. Thelathini na saba na nusu. Sepetu ikagonga jeneza. Misumari ikasikika inavyong'oka.

Kokuhirwa alishuka mwenyewe. Aliweka kiganja kwenye shavu la mzee. Baridi. Akakishusha kifuani. Baridi vilevile, na harufu ilikuwa imeanza. Akaitazama simu.

Thelathini na nane.

"Inasemaje sasa, daktari?" Datius aliuliza, sauti yake bado ina tumaini. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Akapandisha mkono wa koti la baba yake ili ajifute, na chini yake kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka.