Plasta Kwenye Flashi

Jumanne, tarehe 22 Aprili 2025. Manyunyu yalikuwa yakianguka Bariadi tangu alfajiri, na wajumbe wa chama cha wakulima wa pamba waliingia ofisini wakikwangua matope kwenye viatu.

Juu ya meza kulikuwa na flashi mbili, kila moja imezungushiwa plasta ya vidonda mwili mzima. Juu ya plasta Mama Generoza, mtunza hazina, alikuwa ameandika kwa kalamu: moja, mbili.

"Mayu, mama yetu, zimeumia?" aliuliza mwenyekiti, Mzee Masunga. Watu wakacheka.

"Nimefunika majina, baba. Tusije tukachagua sura ya mtu tukaacha kazi yake."

Wenye programu zilizokuwa kwenye flashi hizo walikuwa mle mle ndani. Moja ilitoka kwenye kampuni ya Constantine, ya Mwanza. Nyingine aliiandika Ndaki, mwalimu wa hesabu wa Malampaka, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, suruali imelowa mpaka magotini. Constantine alikuwa mbele, nembo ya simba mdogo wa dhahabu iking'aa kwenye mfuko wa shati lake. Mkataba wake ulikuwa tayari mezani. Ulibaki muhuri tu.

Programu itakayochaguliwa ndiyo ingetunza uzito wa pamba ya kila mkulima msimu ukifunguliwa. Ile ya zamani ilikuwa imekwama mwaka jana, mizigo ikiwa juu ya mizani, na Mama Generoza ndiye aliyetukanwa kutwa nzima. Kwa ajili ya siku ile alianza masomo ya kompyuta ya jioni, ingawa tayari alikuwa na wajukuu. Alimwomba Mungu asiione tena siku kama ile.

Baada ya sala ya kufungua kikao, alisimama.

"Mimi bado nasoma, sijui mengi. Nimeziweka zote mbili kwenye kompyuta ya ofisi. Naomba Ndugu Constantine, kwa kuwa ni mtaalamu, atueleze maana ya niliyoyaona. Ya kwenu huwa unaiweka mwenyewe, ndugu?"

"Mimi ni mkurugenzi, mama," Constantine alitabasamu. "Kuweka kuna vijana. Lakini sema tu. Programu inavyoingia kwenye kompyuta ndivyo ilivyoandikwa. Hapo hakuna kujificha."

"Basi namba moja. Iliomba ruhusa kwanza. Ikasema inahitaji nafasi kiasi gani. Umeme ukakatika katikati, na uliporudi ikaendelea pale pale ilipoishia. Mwisho ikanionyesha na namna ya kuiondoa nikiichoka."

Constantine aliegemea kiti, akawatazama wajumbe mmoja mmoja. "Mmesikia? Hiyo ni kazi ya watu waliosomea."

"Namba mbili ilitaka nizime kinga ya virusi. Halafu nirudishe nyuma tarehe ya kompyuta. Halafu nihamishe mafaili kwa mkono, ila haikusema niyapeleke wapi. Nilisali rozari, matendo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, na bado ilikuwa imeandika 'subiri'."

"Hiyo ilitaka novena ya siku tisa!" alisema Mzee Masunga.

"Ilipofunguka, ikanikaribisha kwa jina la duka la vipuri."

"Ameiba!" Constantine alipiga meza. "Kaichukua kwa mtu, hata jina la mwenyewe hakufuta!" Aligeuka kumtazama Ndaki. Ndaki alikuwa ameficha uso kwenye viganja, mabega yakimtikisika.

"Usimlize mtoto wa watu," alisema Mama Generoza. "Labda ndani ni nzuri. Labda shida ni kuingia tu."

"Mama yangu, aliyeshindwa kupachika mlango, paa amepachikaje? Hiyo itawafia siku ya pamba, mizani imejaa, wakulima wamewazunguka."

Kila mmoja aliikumbuka siku ile.

"Sasa tuseme," Mama Generoza aliuliza kwa sauti ndogo, "mwenye namba mbili yumo humu, na anataka tumgongee muhuri leo hii. Tumfanyeje?"

Constantine alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mzee mwenyekiti na wajumbe wote, muwe mashahidi. Naahidi, mwenye uchafu huo akidai muhuri hapa, nitamshika mkono mimi mwenyewe nimtoe nje, mpaka kwenye matope."

Wajumbe wakapiga makofi. Mama Generoza alifanya ishara ya msalaba, akaichukua flashi namba mbili na kuanza kubandua plasta taratibu, kama anayeogopa kumuumiza mtu.

Ukatokea kwanza mkia. Kisha miguu. Kisha kichwa cha simba mdogo wa dhahabu.

Ndaki alishindwa kujizuia. Kicheko kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Mzee Masunga aliinuka polepole, akaenda kuufungua mlango. Nje manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua.

"Na mimi naahidi mbele ya mashahidi hao hao," alisema. "Mlango nitakushikia, ndugu, mpaka umalize kujitoa."