Riwaya Isiyofika Likasi

Kikaratasi cha kumi na tisa kilirudi kutoka Lubumbashi na neno lile lile nyuma yake: hakuna.

Guy, shofere wa basi la Lubumbashi, alikiweka mezani kwa Mama Josée kama mtu anayerudisha sahani tupu kwa jirani.

"Mama, nilizunguka maduka yote ya bitabu, mpaka kwa masista. Hakuna muntu anajua Mlima Uliotembea."

"Zunguka tena."

"Nitazunguka mpaka gari ikufe. Lakini bale ba Lubumbashi banakulaka byote, hata karatasi!"

Kila Jumamosi, ambayo Likasi bado inaiita siku ya posho ingawa posho yenyewe ya mgodi ilikwisha kitambo, Josée alikaa mbele ya mikro ya radio ya mtaa saa tisa alasiri, akampendekezea riwaya ya maajabu kila aliyekuwa akitafuta kitabu chake kinachofuata. Malkia aliyefunga mvua ndani ya mitungi. Msichana aliyevaa kivuli cha bibi yake marehemu. Mlima ulioamka ukaenda zake. Alisimulia mpaka pale tonge linaposimama njiani kabla ya kufika mdomoni, kisha akakata: "Mwenye kutaka mengine, atafute kitabu."

Jina la mwandishi hakulitaja hata siku moja. "Jina yake mutaifanyia nini?" alikuwa akisema. "Muangalie kazi."

Wachimbaji wa Kamatanda, wauza samaki wa sokoni, wakulima wa Kapolowe, wote walisikiliza, wote wakampa Guy vikaratasi vya majina ya vitabu, avitafute Lubumbashi. Na hakuna aliyemlaumu Josée. Shaba yao inaondoka kwa malori, na cha kurudi ni vumbi. Transfoma waliyoahidiwa wakati wa kura haijaonekana, saruji ya soko iliyeyuka njiani, basi kitabu kingefika kwa miguu gani? Walikasirika, ndiyo. Lakini waliikasirikia barabara.

Aliyemgeukia Josée alikuwa Barnabé, mkubwa wa radio. Barnabé huyo huyo! Walianzisha radio pamoja, mwaka watu walipofukuzwa kazi kwa mamia, wakiwa na betri ya gari na antena iliyofungwa kwenye mti wa umeme uliokufa. Siku zile alikuwa akitetemeka mbele ya mikro mpaka Josée amshike bega.

"Mama Josée," alimwambia Jumanne, macho yakiwa kwenye simu yake, "batu banalalamika. Miezi kumi, na hakuna aliyeona hata kitabu kimoja. Leta kimoja hapa studio siku ya posho. Kimoja tu. Ukikosa, ile saa nitawapa wengine."

"Barnabé, ni miye nilikufundisha kusema."

"Njo maana nakupa mpaka siku ya posho. Mwingine ningemufukuza leo."

Josée alirudi mtaani kwake Kikula kwa miguu. Saa ile moja ya radio ndiyo iliyokuwa bado inamwita kwa jina. Siku sita nyingine alikuwa mjane wa nyumba ya pili kutoka kona, basi.

Asubuhi, habari zilikuwa zimefika sokoni kabla yake. Georgette, muuza samaki mwenye sauti ya kuzima injini, alimkamata Guy kwa kola.

"Weye, usirudi hapa bila ile kitabu! Na siku ya posho tutaenda sisi wote. Kama banafunga saa ya Mama Josée, bafunge na midomo yetu!"

Josée aliwatazama wanawake wale waliokuwa tayari kugombana kwa ajili yake, akageuka kwenda bila kununua samaki.

Jumamosi ua wa radio ulijaa. Saa tisa kasoro robo, Guy hayupo. Kasoro dakika kumi, hayupo. Ndani ya studio Barnabé alikaa ametulia kando ya mashine yake ya kurekodia vipindi, ndevu amenyoa, tai shingoni, na joto lote lile.

Kisha honi. Guy aliruka kutoka kwenye basi kabla halijasimama, bahasha juu ya kichwa.

"Nilikipata! Mama, kiko kipya, kiko nanuka wino!"

Vigelegele vilipanda mpaka barabarani. Georgette alicheza na beseni lake la samaki. Josée peke yake hakusogea. Walimshika mikono, wakamwingiza studio, wakamkalisha. Taa nyekundu ikawaka.

Barnabé alikipokea kitabu, akakifungua, akasoma kwa sauti yake ya hewani: "Siku mlima ulipochoka kuchimbwa, uliinuka, ukajikung'uta wachimbaji, ukaondoka kwenda kudai tumbo lake."

Nje watu walipiga makofi. Ndiyo yale! Neno kwa neno, kama Josée alivyowasimulia mwezi wa pili.

"Mama Josée," Barnabé akasema kwa upole, "wasikilizaji banangoja ushuhuda wako. Njo hiki?"

Akakisimamisha mbele yake. Guy alikuwa ametazama jina la kitabu tu, kama walivyofundishwa wote. Chini ya picha ya mlima, kwa herufi nyekundu, palikuwa na jina kamili la Barnabé.

Ua mzima ulisogea mlangoni umsikie.

"Ndicho," Josée akasema kwenye mikro. Angesema nini kingine, mbele ya watu wale wote, yeye aliyekitunga jikoni kwake akisonga bukari, kama alivyovitunga vile vingine vyote?