Unga wa Karatasi Nyekundu

Shizue alilamba karatasi iliyofungiwa unga wa dawa ya mumewe, akakuta ni sukari.

Akalamba tena, asije akawa amedanganywa na ulimi. Sukari tupu. Akaikunja ile karatasi nyeupe, akaificha ndani ya mkono wa kimono, akaendelea kuosha bakuli kwenye bomba la wodi.

Mumewe, Tokuji, alikuwa mtengenezaji wa tofu, mtu wa kubeba magunia ya soya. Majira ya kuchipua, madaktari wa hospitali ya chuo walipita mtaani kwao wakiwatoa watu damu kwa utafiti. Mtaa mzima ulipanga foleni. Baadaye Tokuji akaitwa peke yake, akarudi uso umemshuka, akasema damu yake imeharibika, kuna dawa mpya inajaribiwa, itabidi alazwe. Akasema na Shizue aje amuuguze. Hilo halikuwa ajabu. Kila kitanda pale kilikuwa na mke au mama aliyelala sakafuni kando yake na kumpikia mgonjwa wake.

Ya ajabu yalikuwa mengine. Mgonjwa gani huyu anayenenepa? Tokuji alikula mpaka akakwangua sufuria. Aliyekonda ni Shizue kwa kumhangaikia, miguu imejaa alama za bluu kwa kujigonga kwenye vyuma vya vitanda. Daktari Kuwabara, msimamizi wa utafiti, alimtoa damu hata yeye, akisema utafiti unahitaji mtu mwenye afya anayekula chungu kimoja na mgonjwa, wa kumlinganisha naye. Haya. Akampa na unga wa lishe kwenye karatasi nyekundu, maana wanaouguza huanguka kwa uchovu. Unga mchungu huo, shubiri ina nafuu. Tokuji hakugusa dawa yake mpaka amwone mkewe amemeza ya kwake.

Halafu mama mkwe. Miaka yote ya ndoa, bibi huyo hakuwa na la kumwambia Shizue zaidi ya kwamba chumvi imezidi. Sasa anakuja na mapichi, anachagua lile kubwa kabisa, analimenya kwa mkono wake, na anampa nani? Mkwewe.

"Kula, mwanangu," anasema, machozi yakimlengalenga.

Jamani, ukiona mama mkwe wa namna ile anakumenyea tunda, jua kuna msiba njiani. Shizue alielewa: anaonewa huruma ya ujane.

Aliyemfumbua macho ni Mama Ogino, aliyekuwa akimuuguza kaka yake kitanda cha jirani, mwanamke asiyejua kufunga mdomo. Alimweleza kwamba katika tafiti hizi si wote wanaopewa dawa. Wengine hupewa unga wa bure, waangaliwe tu watafika wapi.

"Wale sungura nyuma ya maabara umewaona?" akanong'ona. "Walionyonyoka manyoya wamepewa dawa. Walionona hawakupewa kitu. Mgonjwa wako je, amenona?"

Ndipo Shizue alipoilamba ile karatasi.

Alitamani apige kelele wodi nzima isikie. Lakini nani angemsikiliza mke wa muuza tofu? Wangemfukuza Tokuji, akafie nyumbani. Akamuuliza mumewe kwa kuzungukazunguka kama anawaamini madaktari hawa. Tokuji akageukia ukuta.

"Nawaamini," akasema. "Na wewe waamini. Nakuomba, mke wangu."

Tangu amwoe hakuwahi kumwomba kitu, alizoea kuamuru. Shizue akajua wamemlainisha mumewe, na kuna jambo anafichwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, akajisemea kwa hasira.

Basi akaamua lake. Dawa wanamnyima, lakini lishe si ipo? Tangu siku hiyo akawa anaukoroga ule unga mchungu kwenye mchuzi wa miso, pamoja na mboga chungu za porini ambazo Tokuji alizipenda. Karatasi yake nyekundu akaijaza unga wa mchele. Alimeza mbele ya mumewe, akakunja uso kama aliyemeza shubiri, na moyoni alifurahi kweli kweli. Kula nguvu zangu, baba, aliwaza, kula zote.

Mvua za kiangazi zikaisha, nyenje wakaanza kulia mitini. Daktari Kuwabara, aliyekuwa akitabasamu, sasa alitoka maabara amekunja uso. Akamwongezea Shizue karatasi ya pili ya lishe. Shizue akaikoroga nayo kwenye mchuzi.

Tokuji akaanza kutapika. Kisha nywele zikabaki kwenye mto, mafungu mafungu. Mama Ogino akamkonyeza Shizue, kwamba hatimaye wamempa dawa. Shizue akaiokota karatasi nyeupe ya siku hiyo, akailamba. Sukari.

Daktari Kuwabara alipokuja mbio, mama mkwe alikuwa pale na mapichi yake. Daktari akauliza mgonjwa amekula nini.

"Amekula sukari yenu," Shizue akasema. "Nimeilamba mwenyewe. Kwa hiyo nimempa lishe yangu, yote, kila siku, kwenye mchuzi. Mlitaka nikae nimtazame akifa?"

Kisu cha mama mkwe kikaanguka sakafuni. Daktari hakumtazama Tokuji hata kidogo. Alimshika Shizue mkono, akamshusha ukope wa chini kwa kidole gumba, akatazama ndani.

"Mama," akauliza taratibu, "dawa zako hujazimeza tangu lini?"

Tokuji, ambaye tangu alazwe alikuwa akishikwa mkono kwenda msalani, alishuka kitandani kwa miguu yake, akambeba mkewe, akamlaza pale alipokuwa amelala yeye.