Mteja wa Kwanza wa Damaris

Asubuhi Damaris alipofungua ofisi yake mpya pale Ndhiwa, ya kuwafunza wakubwa wa kazi kutawala hasira, mteja wa kwanza alibisha hodi. Alikuwa yule meneja aliyemfuta kazi kwa matusi mbele ya wenzake.

"Wafanyakazi wananikimbia," alisema, macho chini. "Nimeambiwa unasaidia watu kama mimi."

Hasira zilimpanda Damaris. Mkono wake ulikuwa ungali umeshika kitasa, na vidole vilikuwa vimekaza hadi vikauma. Kufunga mlango kungekuwa rahisi. Akavuta pumzi, taratibu, mpaka vidole vikalegea.

"Karibu ndani, bosi. Keti."

Meneja akaketi, naye Damaris akaketi mbele yake.

"Usiniombe msamaha. Tuanze na siku ile uliponifukuza. Ulikuwa unahisi nini?"