Mto wa Tatu

Kitandani palikuwa na mito mitatu. Miwili ya kichwa, na wa tatu umelazwa kwa urefu katikati, pale ambapo mtu mzima mwenye heshima zake angeukumbatia akilala.

Mkaguzi wa mizani alisimama mlangoni mwa chumba cha hoteli na begi lake, akautazama mto ule kwa jicho analolitazamia jiwe la mizani la muuza nyama. Duniani kote, siri ya mto wa tatu aliijua mkewe tu.

Alikuwa amekuja kujificha. Kwa miaka mitatu, kila mwisho wa mwezi, mkewe alisafiri siku nne kwenda kumuuguza shangazi yake, bibi wa watu asiyeinuka kitandani. Mkaguzi alibaki na mapacha: uji ukaungua, sare zikapotea, mmoja akapandisha homa, mwingine akapanda paa. Safari hii mapacha walichukuliwa na bibi yao. Hapo ndipo mkaguzi, ambaye kazini hajawahi kupunjwa hata gramu moja, alipomwambia mkewe kwamba ana semina. Semina yenyewe ilikuwa kulala.

Kabla mkewe hajaondoka, mkaguzi alimfungia chupa ya asali ya mgonjwa, kama kila mwezi. Kitambaa chekundu juu ya kifuniko, na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: Ugua pole, Shangazi.

Pale mapokezi aliomba jambo moja tu.

"Dada, asijue mtu yeyote kwamba niko hapa."

Dada wa mapokezi alisoma kitambulisho chake, akamtazama, akakisoma tena, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Siri yako siri yetu, kaka. Tumekusubiri sana!"

Mkaguzi akadhani ndivyo wanavyofundishwa kusema kwa kila mgeni.

Mwanzoni, kusema kweli, alifurahi; uongo mmoja kwa siku ulitosha. Nani asiyependa kudekezwa? Alilala na mto wake kama mtoto aliyeshiba. Asubuhi, mhudumu mwenye mwanya akamwekea mayai yaliyogeuzwa pande zote mbili, akainamia birika kwa adabu kubwa.

"Chai haina utando wa maziwa, Baba Mapacha. Tumeichuja mara mbili."

Kijiko kikasimama hewani. "Nani kakwambia nina mapacha?"

"Ah, bosi! Mgeni kama wewe tusimjue?" Mhudumu akaenda zake jikoni. Mlango ulipofungwa, jiko zima likaangua kicheko.

Chai ilikuwa tamu, lakini aliiacha.

Alirudi chumbani akamkuta mama wa usafi amepiga magoti, anachungulia nyuma ya kabati na ufagio mkononi.

"Usiwe na wasiwasi, baba. Mjusi hakuna. Leo hutapanda juu ya meza na viatu."

Mkaguzi alikaa chini taratibu. Alipanda juu ya meza na viatu mara moja tu maishani mwake, sebuleni kwake, mlango umefungwa, na shahidi alikuwa mmoja. Alijiona kama amevuliwa nguo sokoni, akawekwa kwenye mizani, na watu wakaambiwa waje wasome kilo.

Akapiga hesabu. Jibu lilikuwa moja: mkewe amegundua. Amewapigia simu watu wa hoteli, amewapanga mmoja mmoja, na sasa anangoja mumewe atoke jasho hadi aungame mwenyewe. Ndivyo alivyo yule mwanamke. Hagombi. Anakuacha uive.

Alimpigia. Mkewe alipokea kwa kunong'ona.

"Niko kwa mgonjwa, Baba Mapacha. Sema polepole."

Nyuma yake kulisikika maji yakichapwa, chubwi, chubwi.

"Maji hayo?"

"Tunamwogesha."

Filimbi ikalia, kali na ndefu.

"Na hiyo?"

"Birika la chai, mume wangu. Limechemka."

"Anaendeleaje?"

"Hata kugeuka hawezi, maskini. Semina je?"

"Ngumu."

"Pole. Usijichoshe, baba. Sisi tunakuombea huku."

Simu ikakatika. Hakuwa amegundua kitu! Mkaguzi akautazama mto wa tatu kwa aibu iliyompanda hadi masikioni. Mwanamke wa watu yuko kule na kitambaa na beseni, anamgeuza mgonjwa, na bado anampa pole mwongo aliyelala hadi saa nne. Nani aliyewapa wahudumu habari zake, hakutaka tena kujua. Alitaka jambo moja: afike kule leo hii, apige magoti kando ya kitanda cha Shangazi, aseme yote, asamehewe na wote wawili. Akifukuzwa, afukuzwe.

Alikunja nguo zake akashuka.

"Kaka, unaondoka?" Dada wa mapokezi alishtuka kweli. "Mbona hata hamjaonana?"

"Nina mgonjwa," alisema mkaguzi bila kumsikiliza. "Nionyeshe mlango wa nyuma. Sitaki kuonekana."

"Mlango wa nyuma?" Uso wa yule dada ukachanua ghafla. "Aa! Sasa nimekuelewa. Pita huku, nenda moja kwa moja hadi bwawani. Nyata!"

Mkaguzi akanyata.

Kwenye meza ya kwanza kando ya bwawa la kuogelea palikuwa na chupa ya asali iliyobaki nusu, kitambaa chekundu kifunikoni, na karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe. Juu ya ubao wa kurukia alisimama bibi mmoja mwenye kofia ya njano ya kuogelea, mikono ameinyoosha juu. Mlinzi wa bwawa akapiga filimbi, na kutoka majini sauti ambayo mkaguzi aliijua kuliko yake mwenyewe ikaita, "Ruka, Shangazi!"

Shangazi akaruka, akajigeuza mara mbili hewani, akaingia majini bila kurusha hata tone.