Taa Zilizoinamishwa

Taa zilikuwa zimeinama tena. Muhsina aliwasha gari alfajiri, mvua ikinyesha Kombani, na mwanga badala ya kunyooka barabarani ukaanguka palepale mbele ya bampa, kama mtu anayetafuta sindano. Akapapasa karibu na usukani mpaka akakigusa kile kigurudumu kidogo cha kupandishia na kushushia taa. Kilikuwa kwenye tatu. Basi jana Twahir alikuwa amebeba mzigo, tena mzigo mzito.

Ujuzi huo alifundishwa na Twahir mwenyewe, mumewe, dereva wa hoteli moja kule Diani na mtu asiyefanya mzaha na taa. Ukipakia nyuma, alimwambia, pua ya gari huinuka na taa zako huwachoma wenzio macho. Geuza hiki, ziiname. Gari likiwa tupu, rudisha sufuri. Kwa mazoea ya kazi Twahir aliziwasha na kuziinamisha kila alipopakia, hata mchana kweupe. Kurudisha ndiko alikokuwa akisahau.

Alipomuuliza jioni, alijibu bila kumtazama kwamba gari lilikuwa tupu, kwani angebeba nini. Juzi Muhsina alipofagia buti alikuwa amekuta vumbi la saruji, na kabla ya hapo misumari ya bati. Jamani, mwanamume anayebeba saruji kwa siri anamjengea nani?

Na si saruji peke yake. Tangu Idi ipite Twahir alikuwa amehamia sebuleni, analala mkekani, anasingizia joto la chumbani. Haya, joto. Masika yakaingia, watu wakatafuta mashuka mazito, yeye na mkeka wake palepale. Lakini kilichomtia Muhsina wazimu zaidi ni zile heshima zake. Unga haukosekani, samaki hakosekani, gesi haijaisha imeshaletwa nyingine, na akisema naye husema taratibu, macho chini, kama anayezungumza na mkwewe. Mume akikuzidishia adabu ghafla, ujue lake analo.

Kuletewa mke wa pili angestahimili. Sheria imeruhusu, na mama yake mwenyewe aliyaona hayo akayamaliza. Kufichwa ndiko kulikomkereketa. Bangili zake za harusi ndizo zilizonunua gari lile, na leo gari lilelile linambebea mwenzake misumari na saruji! Alimpenda Twahir, hilo halikuwa na ubishi, na hakuwa tayari kumwacha hivi hivi. Alichotaka ni kumjua mwanamke huyo, amtazame usoni, kisha aipiganie ndoa yake.

Jumamosi, baada ya swala ya Adhuhuri, Twahir akasema anaitwa kazini. Muhsina akaazima gari la jirani yake, mwalimu Caroline, akamfuata. Gari la Caroline lina zile taa za mchana zinazowaka zenyewe injini ikishawaka, huzizimi hata ukiapa, kwa hiyo akawa anajibanza nyuma ya lori la mchanga asije akaonekana kiooni. Lori lilipoyumba pembeni akaliona buti la Twahir. Lilikuwa wazi, limefungwa kamba, na godoro jipya lilikuwa likichungulia pamoja na miguu ya kitanda. Muhsina akalia huku anaendesha.

Alitarajia pale Ukunda akate kushoto aingie Diani, kwenye wanawake wa mahoteli. Hakukata. Akapita Gazi, akafika Msambweni, akaingia njia ya mchanga ambayo Muhsina angeipita amefumba macho. Ilikuwa njia ya kwao, ya nyumbani kwa baba yake.

Alisimamisha gari kando ya ua. Nyuma ya nyumba ya baba yake kulikuwa na chumba ambacho hakuwahi kukiona, bati jipya likimetameta, mlango bado haujapakwa rangi. Twahir na Sharif, kaka yake Muhsina, walikuwa wanashusha kitanda.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Kumbe hakukuwa na mwanamke! Nyumba ya mzee ilikuwa ikivuja kila masika, na mtu huyu alikuwa akimjengea mkwewe kimyakimya, hataki kusifiwa, huku yeye mkewe anamla nyama moyoni. Astaghfirullahi. Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akashuka garini akijipanga namna ya kuomba radhi, na kwa mara ya kwanza tangu Idi kifua kilikuwa chepesi.

Sharif alipomwona akaachia upande wake wa kitanda, akatazama chini. Twahir akabaki ameushikilia wake. Muhsina akawapita huku akicheka, akawaambia siri yao imejulikana, akamwendea baba yake aliyekuwa akija kutoka kwenye kile chumba na ufagio mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Abdulkadir akauweka ufagio chini, akamshika mikono yote miwili, akamtazama kwa huruma. "Mbona umetangulia? Twahir alituambia atakuleta mwenyewe Ijumaa, eda yako ya talaka ikiisha."